Kikombe Nilichoacha Lubutu

Mama Odia, na ninyi wamama wengine wa kufua nguo za altare, munaniuliza kila siku. Munaniuliza kwenye bomba, munaniuliza sokoni, hata juzi kwenye matanga muliniuliza, watu wengine wakiwa wanalia. "Feza, huko Lubutu kulikuwa nini? Mbona uliondoka na mudomo mukubwa, umerudi umenyamaza?" Nimechoka kujibu mumoja mumoja. Nimechukua daftari ya mujukuu wangu. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu kwa masista, lakini kuandika najua, na mwenye kucheka mwandiko wangu aandike wake tuone.

Habari za kutafuta pikipiki na makaratasi ya njia siwapi, hizo kila muntu wa Kindu anazijua. Nawapa mambo yenyewe.

Kwanza mukumbuke nilivyokuwa nasema. Miaka yote tangu vita mulinisikia: "Kalisi ya kwanza ya parokia hii, kile kikombe cha misa chenye dhahabu, mimi Feza njo nilikiokoa. Wenye bunduki walipoingia, padri alikimbia na viatu viwili visivyofanana, mimi nilikimbia na kalisi. Iko Lubutu kwa mama mumoja Mwislamu, muntu wa haki. Nilimwambia, Mama, hiki ni kikombe cha Mungu wetu, naye aliweka mukono kifuani akakipokea." Nilisimulia hivyo mbele ya mapadri watatu. Nilisimulia mbele ya watoto wa komunyo ya kwanza. Basi huyu padri mupya, aliyezaliwa juzi, akaniita kama mujukuu wangu anavyoniita: "Koko, sikukuu ya parokia inakaribia. Tutume muntu akichukue." Nikamujibu: "Wewe bakia na misa yako. Aliyekiacha njo atakirudisha."

Mukapiga vigelegele. Niliwasikia mpaka kwenye mifupa. Sasa musome.

Kutoka Kasuku mpaka ng'ambo

Asubuhi ya kuondoka nilikunywa chai katika kikombe cha mama yangu, kama kila asubuhi. Munakijua: bati la emaye nyeupe, mustari wa buluu kwenye mudomo, kimebanduka karibu na mukono. Baba alikileta nyumbani siku alipopata kazi kwenye gari la moshi. Mama alikunywa humo mpaka kufa kwake. Mimi sinywi katika vikombe vya watu, na ninyi munanicheka kwa hiyo, kwamba hata kwenye ndoa nakuja na kikombe changu mufukoni. Nikakisuuza, nikakifunga katika kitambaa, nikakiweka ndani ya kikapu pamoja na kikwanga cha muhogo na samaki mukavu.

Shabani, motari wangu, mwenye pikipiki, alikuwa ananingoja pale Kasuku kwenye mitumbwi. Ni baba wa watoto watano, Mwislamu wa Kibombo, anazungumza kuliko redio. Kwenye usukani wa pikipiki amefunga tasbihi ya shanga za kijani upande wa kuume, na upande wa kushoto rozari ya plastike.

"We Shabani, hii njo nini? Unataka kumuchanganya Mungu?"

"Koko, tasbihi ni yangu. Rozari ni ya muke wangu, yeye ni Mukatoliki. Alisema bila hiyo siondoki."

"Na breki?"

"Ya mbele ilishakufa. Ya nyuma iko, kidogo."

"Basi ungefunga na Biblia nzima."

Tukavuka muto Lualaba mpaka Alunguli na mutumbwi wa mota, pikipiki imesimama katikati kama bibi harusi, watu wawili wanaishika. Mama mumoja mwenye kuku alimuuliza Shabani kama mimi ni mama yake. "Apana," akasema, "ni mizigo." Nilimupiga na mwavuli, watu wakacheka mpaka mutumbwi ukayumba, na mwenye mota akatutukana sisi wote, Wakristo na Waislamu, bila ubaguzi.

Kutoka Alunguli mpaka Punia

Ile siyo njia. Ni muto uliokosa maji. Kuna mashimo ambamo lori limelala wiki mbili, na dereva ameshajenga kibanda kando yake, ameweka na kuku. Mimi nilifikiri vita ilikwisha! Nikaona daraja la magogo, gogo la kati halipo. Shabani akaniambia nivuke kwa muguu, nikavuka kwa magoti, umri huu wangu.

Siku ya kwanza mchana alisimamisha pikipiki karibu na kijito ili asali. "Koko, unikopeshe kikombe chako, nitawaze."

"Kikombe cha mama yangu hakioshi miguu ya motari."

"Ni udhu, Koko. Ni maji ya kumuendea Mungu."

"Mungu alikupa mikono. Chota."

Akachota na mikono. Alitandaza koti lake la mvua juu ya majani akasali, na mimi nilikaa nakunywa maji yangu taratibu, nimeshika kikombe changu kama malkia. Hili mulikumbuke, maana mimi nimelikumbuka njia nzima ya kurudi.

Njia hiyo hiyo niliipita kwa muguu wakati wa vita. Binti yangu mugongoni, kalisi tumboni. Niliizungushia kitambaa cha altare, nikaifunga juu ya kitovu, na juu yake kikwembe, hata watu nilioandamana nao walifikiri nina mimba. Mama mumoja alinipa nusu ya muhogo wake kwa ajili ya ile mimba. Nikaula. Tulikula majani, tulikula uyoga tusioujua. Nilifika Lubutu miguu imevimba, kucha mbili zimebaki porini. Yule mama Mwislamu ninayemusema, Mama Zuena, alinikuta nimekaa chini kando ya barabara. Alikuwa mujane wa mwalimu wa madrasa, na yeye mwenyewe anafundisha watoto kusoma Kurani. Hakuniuliza dini. Aliniuliza: "Mutoto alikula lini?" Akatupa bugali na sombe ya majani ya muhogo, na baadaye nikajua kwamba ule njo ulikuwa unga wake wa mwisho.

Nilikaa kwake siku tisa. Mbele, kwenye njia ya Kisangani, bariere za wenye bunduki zilikuwa zinavua watu kila kitu, hata sufuria. Siku ya kumi nikamwachia kikombe. Hapo njo habari yangu ilianzia, ile niliyowasimulia. Tutafika.

Punia tulilala kwa shangazi ya Shabani. Alitupa lituma ya ndizi za kupondwa na nyama ya kuchoma, na mimi nikalala na nguo za matope, sikuweza hata kuinua mukono.

Kwenye muto Lowa

Baki, kile chombo cha chuma cha kuvusha magari, ilikuwa imekufa. Fundi alikwenda kutafuta kipande Lubutu, akaoa huko, ndivyo walivyotuambia. Tukangoja siku mbili. Watu kama arobaini, mbuzi, magunia ya muchele, na mama pasta mumoja wa kanisa la maombi, amevaa nyeupe tupu katika matope yale, sijui alikuwa anafanya namna gani.

Siku ya pili wamama tuliunganisha chakula. Mimi njo mukubwa, mimi njo nilikamata sufuria. Ndizi ziko, samaki wangu iko, chumvi iko, mafuta hakuna. Nikaona chupa pembeni ya mukeka, mafuta safi ya rangi ya dhahabu. Nikauliza, "Hii ya nani?" Hakuna aliyejibu. Nikamimina yote. Mama zangu, zile ndizi! Zililia katika sufuria kama mvua juu ya mabati. Watu kumi na watatu tulikula tukalamba vidole.

Mama pasta akatoka kuoga mutoni. "Chupa yangu iko wapi?"

"Chupa gani?"

"Chupa ya upako! Mafuta tuliyoombea siku saba, kwa kufunga! Wagonjwa wa Lubutu wananingoja!"

Shabani alikuwa na ndizi ya mwisho mudomoni, akashindwa kumeza wala kutema. Mimi nikasema kweli yangu: "Mama, nilifikiri ni mafuta ya kula."

"Mafuta ya kula!" Alipiga mikono kichwani, akazunguka mara mbili. "Mafuta ya kula!" Kisha akatuhesabu kwa kidole, mumoja mumoja, mimi, Shabani, mwenye mbuzi, wote. "Mupige magoti. Wote mulioyala. Hayawezi kuwa ndani yenu bure."

Tukapiga magoti, kumi na watatu, katika matope. Alituombea kwa sauti ya kusikika ng'ambo. Shabani alikuwa ananong'ona, "Koko, mimi Mwislamu, nifanye nini?" Nikamujibu: "Ulikula? Basi inama."

Niliposimama nilicheka mpaka machozi. Nikamwambia Shabani: watu wa makanisa haya ni watoto, wanaweka kitu cha Mungu katika chupa ya maji, halafu wanashangaa kikipikwa. Sisi kitu chetu kitakatifu hakuna muntu angeweza kukosea. Nilisema hivyo kwa mudomo huu.

Jioni fundi akarudi na kipande, na bibi mupya. Tukavuka.

Lubutu

Nyumba ya Mama Zuena haikunipotea. Mulango ule ule wa mbao, bati jipya. Lakini kiwanja kilikuwa na watu: wamama wenye watoto wagonjwa, muzee mwenye fimbo, kijana amefunga kichwa kitambaa. Wameketi kwa musitari. Nikauliza mama mumoja, ambaye rozari yake ilikuwa shingoni waziwazi, "Munangoja nini?"

"Kombe ya Mama Zuena."

Mimi ni muntu wa Maniema, kombe naijua. Mwalimu anaandika maneno ya Kurani kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, anayaosha na maji safi, mugonjwa anakunywa yale maji. Baba wa Shabani alikuwa anafanya. Hilo halikunishitua. Nikasogea.

Alikuwa amekaa juu ya mukeka, amezeeka, amekuwa mudogo kama mutoto wa darasa la nne. Mbele yake sahani, chupa ya maji, na musahafu juu ya kiti chake cha mbao. Akaosha maandishi, akamimina ndani ya kikombe, akakiinua kwa mikono miwili kumupa mutoto mugonjwa.

Ilikuwa kalisi.

Kalisi yetu! Muguu wake wenye zabibu za kuchongwa, ule ufa mudogo chini ya kifundo, niliousugua kwa majivu miaka sita kila Jumamosi. Maji ya njano ya Kurani ndani ya kikombe cha Damu ya Kristo, na mutoto anakunywa glu, glu, glu. Nilikaa chini pale pale juu ya kuni za muntu.

Mutoto alipomaliza, Mama Zuena akasuuza kikombe kwa maji kidogo, akainuka polepole, akaenda nyuma ya nyumba kwenye mugomba mumoja uliozungushiwa mawe, akamwaga pale. Hakumwaga kiwanjani. Niliona, lakini wakati ule sikutaka kuona.

Aliporudi akanikuta. Akanitazama sana, akageuza kichwa upande. "Mama ya Feza?" akasema, kama ameona mufu. Kisha: "Apana. Feza mwenyewe!" Akanikumbatia, akalia, akawaambia wagonjwa: "Mumuone! Huyu njo mutoto wa mwenye kikombe!"

Sasa niwaambie. Yale maneno niliyowasimulia ninyi miaka yote, kwamba nilimwambia ni kikombe cha Mungu wetu, sikuyasema hata siku moja. Niliogopa Mwislamu atakataa kulaza kitu cha kanisa, na divai yake, ndani ya nyumba ya Kurani. Nilimwambia: "Ni shaba tu. Ni kikombe cha mama yangu marehemu, sina kingine chake." Yeye njo alisema, "Basi ni amana." Niliapa kwa jina la Mungu. Na hata lile la kwamba sina kingine chake lilikuwa uwongo: kikombe chenyewe cha mama yangu kilikuwa kimebaki Kindu, nimekizika chini ya jiwe la kusagia.

Akanipa chakula. Watu walipotawanyika akanieleza mwenyewe, kwa furaha, kama muntu anayetoa zawadi. Muaka ule wa kuondoka kwangu, wenye bunduki walimufikia. Mwenye wivu aliwaambia kwamba muke wa mwalimu ana dhahabu. Walitafuta, hawakuona, kikombe kilikuwa chini ya majivu ya jiko.

"Wakaniambia: apa. Nikashika musahafu na mikono miwili, nikaapa: katika nyumba hii hakuna dhahabu. Wakanipiga na kitako cha bunduki, hapa." Akagusa sikio la kushoto. "Hili halisikiake tena. Lakini waliondoka. Musahafu uliniokoa, maana nilisema kweli."

Nilikuwa natazama chini.

"Halafu mutoto wa jirani akashikwa na homa, na vikombe vyote walishavibeba. Nikasema, mama ya Feza hawezi kukasirika. Nikamunywesha nacho, akapona. Tangu siku ile watu hawataki kingine. Na mimi, kila Ijumaa, namusomea mama yako. Jina silijui. Nasemaka tu: mama ya Feza, mwenye kikombe."

Wamama, mimi niliwahi kuona bomu linaangukia soko. Sikushituka vile.

Ningeweza kunyamaza. Ningesema "asante, mama yangu anafurahi," nichukue kikombe, nije nipigiwe vigelegele. Mudomo ulikuwa umeshafunguka kusema hivyo. Lakini alikuwa amegeuza upande wangu lile sikio linalosikia, ili asipoteze hata neno.

Nikasema: "Mama Zuena, ile si shaba. Ndani ni dhahabu. Na si ya mama yangu. Ni ya kanisa. Padri anawekaka humo divai."

Akaniuliza nirudie. Nikarudia.

"Divai. Pombe."

"Ndiyo."

"Na dhahabu."

"Ndiyo, mama."

Kisha akasema, bila kupandisha sauti: "Nilishika musahafu."

"Najua."

"Hujui. Sikio, nilishamusamehe aliyelivunja. Lakini wewe njo ulitia uwongo mudomoni mwangu, na mukono wangu juu ya musahafu. Na ulikuwa umekula bugali wangu."

Mimi, Feza, mwenye jibu kwa kila muntu, nikasogeza pembeni sahani yake ya chakula.

Akakichukua kikombe. Nikafikiri atakitupa. Alikiosha, mara moja kwa muchanga, mara mbili kwa maji, akakipangusa kwa kanga safi. Halafu akasimama na yale maji ya kuoshea katika bakuli, akakwama, hajui ayapeleke wapi. Akaniuliza kwa hasira: "Kwenu, maji ya kuosha hiki, munayamwaga wapi?"

"Pale muguu haupiti."

Ninyi munajua, si ndiyo? Nyuma ya sakristia, kwenye yale maua, kazi yetu ya kila Jumamosi. Akanitazama. Akaenda kwenye mugomba wake wenye mawe, akamwaga.

Akarudi, akaniwekea kikombe mapajani. "Amana ni amana. Hata ya muongo inarudishwa. Lakini kesho asubuhi wagonjwa watakuja. Wewe njo utawaambia. Kwa mudomo wako, siyo wangu."

Asubuhi ya wagonjwa

Walikuwa kumi na mumoja. Nilisimama mbele yao na kalisi mukononi. Nikasema: "Mimi ni Feza, wa Kindu. Kikombe hiki si cha mama yangu. Ni cha misa, kilikuwa kinatiwa divai. Mama Zuena hakujua. Nilimudanganya. Ubaya wote ni wangu."

Muzee mwenye fimbo akainuka, akatema mate kando, akaenda. Wamama wawili wenye vitambaa vya kichwa wakamufuata. Yule mwenye rozari akafunika uso. Baba mumoja, mutoto amelala begani, akauliza: "Huyu alipona nacho muaka jana. Sasa nifanye nini, nimurudishe ugonjwa?"

Mama Zuena alikuwa amekaa na musahafu wake, hana kikombe cha kumuwekea mutoto maji. Akatazama huku na huku. Jirani akaleta gobele ya plastike iliyopasuka.

Hapo nikaenda kwenye kikapu changu. Nikafungua kitambaa. Nikamuwekea mbele yake kikombe cha emaye.

"Hiki njo cha mama yangu."

Akakiangalia, hakukigusa. "Kilinywewa nini?"

"Chai. Maji. Dawa ya minyoo. Pombe hapana, mama yangu hakuonjaka."

"Utaapa?"

"Naapa."

"Ulishaapaka."

Nilistahili. Nilibaki nimeinama vile vile, kikombe kati yetu, na mugongo unauma. Akakiinua, akakinusa ndani mara mbili, akapitisha kidole pale kilipobanduka. Watu wote walikuwa wanamutazama pua.

"Jina lake nani?" akauliza.

"Nani?"

"Mama yako! Miaka yote namusomea muntu bila jina."

"Anjelina," nikasema.

"Anjelina," akasema yeye. Akakisuuza. Akainuka, akaenda nyuma kwenye mawe.

Hakunikumbatia wakati wa kuondoka. Musiseme kwamba alinisamehe, hakusema hivyo, na mimi siongezi tena maneno katika mudomo wa muntu.

Kurudi

Baki ilikuwa inatembea, jambo la kushangaza kuliko yote. Kwenye kile kijito Shabani alisimama kusali. Nilisikia kiu, nikaingiza mukono katika kikapu kwa mazoea, nikagusa kalisi. Nikatoa mukono haraka kama nimeshika moto. Nikashuka mutoni, nikachota na viganja, karibu naye. Yeye anatawaza, mimi nakunywa.

"Koko, kikombe chako kiko wapi?"

"Nyamaza, motari."

Kwa mara ya kwanza katika safari nzima alinyamaza.

Kalisi nilimukabidhi padri. Akaigeuza kwenye mwanga, akasema dhahabu ya ndani imelika, itakwenda kwa askofu kubarikiwa upya kabla ya kuguswa. Kwa hiyo sikukuu itapita nayo ikiwa ndani ya kabati. Akaniuliza kama nitasimulia tena siku hiyo, mbele ya watu. Nikamwambia nitasimulia, lakini siyo ile anayoijua, na kwanza lazima wamama wa kufua waisome. Ndiyo hii. Watoto wa komunyo nao nitawaambia, mumoja mumoja kama italazimu.

Na lile lingine munalonong'ona, Mama Odia, kwamba siku hizi Feza anakuja mikono mitupu. Ndiyo. Nyumbani nakunywa katika gobele ya plastike, na chai inanuka plastike. Mukinialika, sitakuja na kikombe mufukoni. Munipe chai katika chenu.